URITHI NA MAZAO YA RUVUMA: WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hutajwa mara nyingi mgeni anapokaribishwa, lakini ni mara chache watu kuuliza ni kwa njia gani hasa huyo mwenyeji atapona. Makala haya yanakusudia kueleza mambo yanayowavuta wageni kuja Ruvuma, mazao yanayotoka katika nchi hiyo hiyo, na jinsi Chama cha Msingi kinavyoweza kuyaunganisha mambo hayo mawili kwa faida ya wanachama wake.

Kwa miaka mingi Ruvuma ilihesabiwa kuwa mkoa wa mbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni karibu kilometa 950, na kabla ya barabara ya lami ya Makambako–Songea kukamilika katika miaka ya 1980, msafiri wa masika hakuwa na hakika ya siku ya kufika. Leo lami imefika Mbinga na Mbamba Bay kwa upande wa magharibi, na kwa upande wa mashariki inapita Namtumbo na Tunduru hadi Masasi. Barabara iliyorahisisha kusafirisha mazao ndiyo hiyo hiyo inayowaleta wageni.

Wageni hao huja kutazama makaburi, milima, ziwa na mashamba. Watu wanaovitunza vitu hivyo ndio wanaolima kahawa, mahindi, tumbaku na korosho. Hata hivyo, urithi na mazao huhesabiwa kama mambo yasiyojuana: mgeni hupiga picha akaondoka, na gunia hupakiwa likaondoka bila hadithi ya mahali lilikotoka. Hapo ndipo penye kazi ya ushirika.

MJI WA SONGEA NA VITA VYA MAJIMAJI

Jina la mji wenyewe ni historia. Songea Mbano alikuwa nduna, yaani jemadari na msaidizi wa nkosi, katika dola ya Wangoni ya Njelu. Chimbuko la Wangoni ni Afrika ya Kusini. Wakiongozwa na Zwangendaba waliuvuka Mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kifo chake makundi yaliyotawanyika yakafika hata nchi hii. Wajerumani walijenga boma hapa mwaka 1897.

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, karibu na Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu imani kwamba maji yake yatawakinga na risasi. Katika mwezi wa Septemba mwaka huo maji yalifika Ungoni, na Nkosi Mputa wa Njelu pamoja na Nkosi Chabruma wa Mshope wakaingia vitani. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, Nkosi Mputa akiwa mmoja wao, wakawazika katika kaburi moja. Nduna Songea alinyongwa siku chache baadaye. Mashamba na maghala yalichomwa moto, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wako wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa kwa vita na njaa katika nchi nzima walifika laki mbili na nusu au zaidi.

Mahali hapo pana Makumbusho ya Majimaji, yaliyoanzishwa mwaka 1980 na ambayo sasa yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Pana kaburi la pamoja, sanamu za mashujaa, silaha na vyombo vya kale. Kila mwaka tarehe 27 Februari hufanyika kumbukumbu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na ukoo wa Nduna Songea, akaomba msamaha. Ukoo huo umekuwa ukidai kichwa cha Nduna, ambacho inaaminiwa kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani.

Mwanaushirika anayefika hapo hana budi kutafakari jambo moja. Vita hivyo vilianzia shambani. Mashamba ya pamba ya mkoloni yaliitwa ya watu wote, bali mkulima hakuamua kitu gani kilimwe, hakuona hesabu, na malipo aliyopewa yalikuwa madogo mno hata wengine wakakataa kuyapokea. Jambo hili litarejewa mwishoni.

PERAMIHO NA MATOGORO

Mwendo wa kilometa 24 hivi kutoka Songea kuna Peramiho, misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898. Ilichomwa moto wakati wa Majimaji, kisha ikajengwa upya. Kanisa lake kubwa la Abasia lilijengwa katika miaka ya 1940. Mgeni hutazama kanisa, lakini mwanaushirika atafaidika zaidi akizitazama karakana, kiwanda cha uchapaji na shule ya ufundi, maana hapo ataona jinsi mafundi wa mbao, chuma na vitabu walivyofunzwa kizazi baada ya kizazi.

Karibu na mji wa Songea iko milima ya Matogoro. Humo ndimo linamoanzia chimbuko la Mto Ruvuma, ambao husafiri karibu kilometa 800, sehemu kubwa ukiwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hadi Bahari ya Hindi. Msitu wa Matogoro ni mahali pazuri pa kupanda na kutazama mji. Lakini ukikatwa, maji ya wenyeji yatapungua hata kabla ya wageni kukosa kivuli.

UMATENGO: NGOLO NA KAHAWA

Katika wilaya ya Mbinga, mwendo wa kilometa 100 hivi kutoka Songea, kuna jambo ambalo wataalamu wamesafiri kutoka Japani kuja kujifunza. Nalo ni kilimo cha ngolo. Inaelezwa kwamba Wamatengo walipobanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, walilazimika kulima miteremko mikali bila kuacha udongo uchukuliwe na mvua. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilishirikiana na watafiti wa Kijapani kuuchunguza utaratibu huo kwa makini.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Masika yanapoelekea ukingoni, wanaume hufyeka majani na kuyaacha yakauke. Kisha majani hayo hupangwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, hata shamba likaonekana kama wavu wenye vyumba vya mraba. Baada ya hapo wanawake huchimba udongo katikati ya kila chumba na kuufukia juu ya majani. Hivyo kila chumba hugeuka shimo, na mistari hugeuka matuta yenye mbolea ndani yake. Maharage hupandwa juu ya matuta mwezi wa Machi. Mahindi huingia mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza. Magugu hutupwa shimoni yakaoze. Mvua kubwa inaponyesha, maji hayateremki kwa kasi bali hutulia mashimoni na kuzama polepole, na udongo uliochukuliwa na maji huishia humo humo. Ngolo zinapochimbwa upya, penye shimo huwa tuta, na penye tuta huwa shimo. Kwa njia hiyo shamba lote hupata zamu ya mbolea.

Familia hizo hizo ndizo zinazolima kahawa ya arabika. Tunda huchumwa likiwa jekundu, likamenywa, likavundikwa, likaoshwa na kuanikwa vichanjani. Kisha kahawa hukobolewa kiwandani Mbinga na kupelekwa mnadani. Kila mwanachama ajua kwamba tunda bichi moja likichanganywa na mazuri hupunguza daraja la kahawa yote. Lakini ni wachache wanaofikiri kwamba mnunuzi wa ng'ambo hununua pia sifa ya mahali. Kahawa iliyotoka katika boma la mkulima anayehifadhi udongo kwa ngolo ina sifa ya kusimulia. Sifa hiyo isiposimuliwa, kahawa itabaki namba katika orodha ya mnada.

Hapa pana jambo la kuangaliwa mapema. Ngolo ni kazi nzito ya jembe la mkono, na kijana asiyeona faida yake hataichimba. Shamba la mteremko likiachwa wazi misimu michache tu, udongo uliotunzwa tangu enzi za mababu utashuka mtoni.

ZIWA NYASA

Kutoka Mbinga barabara huteremka kilometa 67 hivi hadi Mbamba Bay. Mgeni akitoka kwenye baridi ya milimani hukuta joto, mchanga mweupe, mitumbwi na dagaa walioanikwa. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi wanaoishi mawengeni, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Tangu mwaka 2021 meli ya MV Mbeya II imekuwa ikihudumia bandari za ziwa hilo.

Kaskazini ya Mbamba Bay iko Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa kuwa jiwe kubwa lililo hapo liliwakumbusha sanamu ya kale ya Misri. Wenyeji huliita jiwe la Pomonda. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa hapo kwa matengenezo. Nahodha wake hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Meli ya Waingereza Gwendolen ikatokea na kuipiga mzinga. Manahodha hao wawili walikuwa marafiki kabla ya siku hiyo. Tukio hilo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza, na lilitukia katika kijiji ambacho leo wageni wengi hukipita bila kujua.

Jioni, mgeni akibahatika, atasikia ngoma ya mganda ya wanaume au kioda ya wanawake, kama vile atakavyoona lizombe kwa Wangoni. Ngoma hizo ni mali ya watu, na wachezaji wanastahili kulipwa kama anavyolipwa fundi yeyote.

NAMTUMBO NA TUNDURU

Upande wa mashariki mgeni huingia nchi ya tumbaku ya moshi, ufuta, mpunga na korosho. Katika mabani ya Namtumbo majani ya tumbaku hukaushwa juu ya moto wa kuni, na hiyo ndiyo sababu ya wakulima kuhimizwa kupanda miti. Tunduru inajulikana kwa korosho zake, na tangu miaka ya 1990 kwa vito vya thamani vilivyowavuta wachimbaji na wafanyabiashara wa mataifa mengi.

Kaskazini ya wilaya hizo limetanda Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kati ya Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji iko njia ya tembo. Vijiji vya Namtumbo na Tunduru vimeunda jumuiya za kuhifadhi wanyamapori, kama Mbarang'andu na Nalika. Kwa mgeni tembo ni furaha. Kwa mkulima ni usiku wa kukesha na gunia lililopotea. Mapato ya wageni yasiyomfikia aliyeliwa mahindi yake hayawezi kumfanya ampende tembo.

URITHI WA USHIRIKA WENYEWE

Wageni wanapotajiwa historia ya Ruvuma, aghalabu ushirika husahauliwa. Hali chama kikuu cha Ngoni-Matengo kiliundwa mwaka 1936, miaka mitatu tu baada ya KNCU ya Kilimanjaro, na wakulima wa tumbaku wa Songea ndio waliokuwa msingi wake. Vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Leo kazi hiyo inafanywa na vyama kama SONAMCU kwa Songea na Namtumbo, na TAMCU kwa Tunduru, pamoja na Vyama vya Msingi vya mazao katika kila wilaya.

Kadhalika, katika miaka ya 1960 kijiji cha Litowa na vijiji vingine zaidi ya kumi viliunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Wanavijiji walilima pamoja, wakaendesha shule na kinu cha kusaga, na wageni walitoka mbali kuja kuona jinsi wakulima wanavyojiamulia mambo yao. Chama hicho kilivunjwa na TANU Septemba 1969. Hayo nayo ni urithi. Daftari la zamani la mahudhurio, mizani ya kwanza ya chama na kadi ya mwanachama wa kwanza ni vitu vya kuhifadhiwa, si vya kutupwa ghala linapofagiliwa.

MIFANO YA KWINGINEKO

Jambo hili limejaribiwa mahali pengine. Huko Kilimanjaro, katika miaka ya 2000, KNCU ilianzisha mpango wa Kahawa Shamba katika eneo la Lyamungo. Wageni walitembezwa mashambani, wakaona kahawa inavyochumwa na kukaangwa, wakala chakula cha wenyeji. Uzuri wa mpango huo ni kwamba ulitoka ndani ya ushirika, si kwa wakala wa mjini.

Katika nchi za Balkani, huko Bulgaria, liko bonde karibu na mji wa Kazanlak ambalo wakulima wake hulima maua ya waridi. Maua huchumwa alfajiri, kati ya Mei na Juni, na kilo elfu tatu au zaidi za maua hutoa kilo moja tu ya mafuta ya manukato. Tangu mwaka 1903 imekuwapo sikukuu ya waridi. Katika mji huo huo kuna kaburi la kale la Wathraki, lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Mgeni huja kuona kaburi akaondoka na chupa ya mafuta, au huja kwa waridi akaishia kaburini. Tena, jina la mafuta hayo linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, asije mtu wa nchi nyingine akalitumia. Ruvuma haina waridi, lakini ina makaburi, ngolo, kahawa na ziwa.

MAMBO YA KUFANYWA NA CHAMA

Kwanza, shauri lianzie katika mkutano mkuu wa wanachama. Kamati isipokee mpango wa mtu yeyote wa nje kabla wanachama hawajaujadili na uamuzi kuandikwa katika kumbukumbu.

Pili, wenye mahali waombwe ruhusa. Kaburi lina ukoo, pango la matambiko lina wazee, na shamba lina mwenyewe. Mahali ambapo wazee watasema pasitembelewe, pasitembelewe. Mgeni aelezwe kabla ya kuingia ni wapi avue viatu, na ni wapi asipige picha.

Tatu, habari ziandikwe kutoka kwa wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikusanya masimulizi ya Majimaji kutoka vijijini, na mengi yaliyojulikana baadaye yalitokana na kazi hiyo. Katibu mwenye daftari na kalamu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa historia ya kijiji chake. Mwongozaji asiyejua jambo asilibuni.

Nne, mazao yauzwe kwa jina lake. Asali, korosho zilizobanguliwa, kahawa iliyokaangwa na maharage ya Umatengo yawekwe katika vifurushi safi, vyenye uzito wa kweli, jina la chama na wilaya. Ushauri wa SIDO na wa Shirika la Viwango utafutwe mapema. Kizuri chajiuza, lakini kisicho na jina hujiuza kwa faida ya mwingine. Mwanachama anayeuza kwa kangomba huuza pamoja na jina hilo.

Tano, fedha zipite katika vitabu vya chama. Tuseme mkutano mkuu umekubali ada ya shilingi 10,000 kwa kila mgeni, na katika mwezi wamefika wageni 20. Jumla ni shilingi 200,000. Ikiwa imeamuliwa kwamba nusu iwaendee wenye mashamba na waongozaji, robo iingie mfuko wa chama na robo itunze mahali penyewe, mgawanyo utakuwa shilingi 100,000, 50,000 na 50,000. Kila mgeni apewe stakabadhi, na hesabu zibandikwe ubaoni kama zinavyobandikwa hesabu za mazao.

Fedha hizo si nyingi zikilinganishwa na mauzo ya msimu, wala haifai kumdanganya mwanachama kwamba mgeni atachukua nafasi ya kahawa au korosho. Mgeni huja akikosa la kumzuia, na maradhi au vita vya mbali vyaweza kumzuia mwaka mzima, kama ilivyoonekana mwaka 2020. Lakini kijana akilipwa kwa kuonyesha namna ngolo inavyochimbwa, amepata sababu moja zaidi ya kujua kuichimba.

Mwisho, na turudi kwenye kaburi la Songea. Wale waliolala pale walikataa shamba ambalo jasho lilikuwa lao na uamuzi ukawa wa mwingine. Mpango wa wageni ambao mwanachama haukuuamua, haoni hesabu zake na hapati sehemu yake, hata ukipambwa kwa jina zuri, unafanana na shamba lile. Mpango ulioamuliwa na mkutano mkuu, ukaandikwa katika daftari na kukaguliwa kila mwaka, utaifanya methali ya wahenga itimie: mgeni atakuja, na mwenyeji atapona.